Jela ya mkoloni: uende Ngome ya Mombasa, Lamu, Changuu, Kapenguria au Port Blair?

Likizo ya Agosti ikikaribia, swali huwa lile lile. Mwalimu wa historia ananipigia, au mzazi ananitumia ujumbe: tunataka watoto waone jela ya mkoloni ilivyokuwa, twende wapi? Kwa kuwa mimi ni mtu wa Mombasa na nimewazungusha wageni wengi, wanatarajia niseme Fort Jesus, ile Ngome ya Mombasa, tufunge mazungumzo. Siku hizi sijibu haraka. Nawauliza kwanza: mnataka kuona jengo, au mnataka kuona kazi?

Maana jela ni kazi. Yuko anayeshika funguo na anayehesabu vichwa. Yuko anayepima uji, anayeandika daftari, anayesimama langoni kupekua vikapu. Na yuko anayeshika kiboko, na mwingine anayesimama pembeni kuhakikisha viboko havizidi idadi. Tulikuwa na jirani, mzee aliyestaafu uaskari jela, ambaye kila magharibi alikuwa akiwahesabu kuku wake mara mbili kabla ya kufunga banda. Tukimcheka, anasema: "Askari jela hana kazi nyingine. Kazi yake ni hesabu." Tangu hapo, kila nikiingia jengo lililowahi kuwa gereza huwa natafuta mahali ambapo hesabu ilifanyika. Kwingine pako wazi. Kwingine pamefutwa kabisa.

Kwa hiyo nitawalinganishia sehemu tano, nikizipima kwa kipimo hicho kimoja: zinakuonyesha kiasi gani kanuni za jela na majukumu ya waliokuwa wakiiendesha. Uzuri wa picha za kupiga nao nitautaja, lakini si kipimo changu.

Ngome ya Mombasa

Kwa urahisi wa kufika haina mpinzani. Ipo mjini, hufunguliwa kila siku asubuhi, na ukitoka unatumbukia Mji wa Kale kutafuta kahawa. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Waomani wakaitwaa Desemba 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Mwaka 1895 Waingereza wakaigeuza jela, na ikabaki jela hadi 1958. Hiyo ni miaka 63, muda mrefu kuliko wengi wanavyodhani wanaposimama pale kupiga picha na mizinga.

Hata neno lenyewe linatoka upande huo. Wanaofuatilia asili ya maneno husema "gereza" lilitokana na neno la Kireno la kanisa, igreja. Ndani ya ngome palikuwa na kanisa, jina likahama, na leo mtu anaweza kulala gerezani pasipo padri wala kengele ya misa. Wenyeji wa Mombasa wenyewe wanaiita Ngome, na mtaa wake Ngomeni.

Sasa tatizo. Baada ya 1958, kwa msaada wa fedha za Wakfu wa Gulbenkian, mwanaakiolojia James Kirkman alichimba humo kutafuta Wareno na Waomani, na makumbusho yakafunguliwa 1960. Ili kuwafikia Wareno wa chini ilibidi kuwaondoa Waingereza wa juu. Mabanda ya jela yalikwenda. Ndiyo maana mgeni anaonyeshwa michoro ya mabaharia wa Kireno ukutani, nyumba ya Kiomani, na vyombo vilivyoopolewa kutoka meli ya Santo António de Tanná iliyozama mbele ya ngome 1697, lakini ile miaka 63 ya nguo za wafungwa na sahani za bati inapita kwa sentensi moja. UNESCO iliiingiza kwenye orodha yake 2011 kwa sababu ya ujenzi wa kijeshi wa Wareno. Jela haikuwa sababu.

Bado kuna kitu kimoja cha kujifunza pale, nacho ni lango. Ukipita kwenye ule ujia wa kuingilia, simama. Mkoloni hakuhitaji kujenga gereza jipya: alikuta kuta nene ambazo mtu hawezi kuzipanda na mlango mmoja mkuu ambao askari wawili wangeulinda. Gharama ndiyo ilikuwa hoja kubwa kuliko zote. Nitairudia hoja hiyo, kwa sababu inaeleza mengi.

Lamu, ambayo wengi wanaisahau

Ngome ya Lamu ilijengwa kati ya 1813 na 1821. Waingereza waliifanya jela 1910, na hapa ndipo panaponivutia: iliendelea kuwa jela hadi 1984. Yaani bendera ilishushwa 1963, nyingine ikapandishwa, na funguo zikabaki kwenye msumari ule ule. Mwalimu anayetaka kuwafundisha wanafunzi kwamba kanuni za mkoloni hazikuondoka na mkoloni hahitaji hotuba. Awaonyeshe tu tarehe hizo mbili.

Faida ya pili ni watu. Mtu aliyekuwa na miaka 20 jela ilipofungwa 1984 leo ni mzee wa kibarazani, ana kumbukumbu na ana muda. Ngome yenyewe ipo katikati ya mji, mbele ya uwanja, kwa hiyo jela haikuwa kitu cha mbali. Watu walipita pembeni yake wakienda sokoni. Ukienda na wanafunzi wanaojua kuuliza maswali kwa adabu, Lamu itakupa masimulizi ambayo Mombasa haitakupa. Ukienda na wanafunzi wa darasa la tano wanaotaka kuona minyororo, watakuuliza saa ya kwenda baharini.

Changuu: jela iliyokosa wafungwa

Hapa nitapita haraka. Kisiwa kinaitwa kwa Kiingereza kisiwa cha jela, mashua kutoka Forodhani zinakipigia debe kwa jina hilo, na mgeni analipa akidhani anakwenda kuona mateso. Lloyd Mathews, waziri mkuu wa Sultani wa Zanzibar, alikinunua 1893 ili ajenge gereza. Jengo likaisha mwaka uliofuata. Gereza halikuwahi kufanya kazi. Kisiwa kikawa karantini ya abiria wa meli waliohofiwa kubeba maradhi, na 1919 wakaletwa kobe wanne wakubwa kutoka Ushelisheli, ambao vizazi vyao ndio wenye kisiwa leo.

Kama una watoto wadogo, nenda. Kobe watawafurahisha na maji ni mazuri. Ila usiandike kwenye ripoti ya safari kwamba mmejifunza maisha ya wafungwa. Mtakuwa mmejifunza namna dola ya kikoloni ilivyowaogopa wagonjwa, somo ambalo nalo lina uzito wake.

Kapenguria

Kutoka Kitale ni mwendo mfupi wa gari, karibu kilomita 40, barabara ikipanda kuelekea Pokot Magharibi. Makumbusho yalifunguliwa 1993 kwenye vile vyumba ambamo walifungiwa wale sita: Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng' Oneko. Walikamatwa usiku wa Oktoba 20, 1952, hali ya hatari ilipotangazwa. Kesi yao ilianza kusikilizwa mwishoni mwa mwaka huo mbele ya Jaji Ransley Thacker, na Aprili 8, 1953 wakahukumiwa miaka 7 na kazi ngumu.

Ukubwa wa Kapenguria ni udogo wake. Hakuna ngome hapa. Kuna vyumba. Mwanafunzi akiingia anaweza kunyoosha mikono akajua mwenyewe nafasi ilikuwa kiasi gani, na akitoka anaona kwamba kuta hazikuwa kinga kubwa. Kinga ilikuwa umbali. Kapenguria ya 1952 ilikuwa eneo lililofungwa, mtu haingii bila kibali cha serikali, kwa hiyo mawakili na waandishi wa habari nao walikuwa chini ya ruhusa ya ofisa wa wilaya. Jela ilianzia njiani, kabla hujafika mlangoni.

Hapa pia ndipo pazuri pa kufundisha maneno matatu ambayo tunayachanganya. Mahabusu ni yule anayengoja hukumu. Mfungwa amehukumiwa. Aliyewekwa kizuizini hana hukumu wala tarehe ya kutoka. Anamngoja gavana abadilishe mawazo. Oneko aliyapitia yote matatu. Alikuwa mahabusu Kapenguria, akawa mfungwa, rufaa yake ikashinda, na badala ya kurudi nyumbani akawekwa kizuizini. Kwa askari anayeshika funguo tofauti hizi zilikuwa kubwa: mahabusu ana wakili, mfungwa ana siku ya kuachiliwa iliyoandikwa daftarini, na wa kizuizini ana faili tu.

Baada ya hukumu walipelekwa Lokitaung, kaskazini kabisa, kwenye jua la Turkana. Wenzake Kenyatta walikuwa wakichimba na kupasua mawe. Yeye, kwa umri wake, akawekwa jikoni kuwapikia. Kanuni iliandika kazi ngumu, lakini aliyeamua ugumu wenyewe ni ofisa wa pale pale. Watoto wakikumbuka hilo peke yake, nauli imelipa.

Daftari tatu

Kabla sijafika Port Blair, kule India, niseme kuhusu kanuni zenyewe, kwa sababu bila hizo jengo lolote ni mawe tu.

Wajerumani, huku Tanganyika, walitoa amri Aprili 22, 1896 iliyopanga adhabu. Kiboko kisizidi 25 kwa mkupuo mmoja, ndiyo ile "hamsa ishirini" ambayo wazee waliitamka kama jina la mtu. Mkupuo wa pili ungoje angalau wiki mbili. Mzungu aliyeteuliwa lazima awepo. Daktari, kama yupo, ampime kwanza anayepigwa. Wanawake wasipigwe, Waarabu na Wahindi wasipigwe. Soma tena hiyo ya mwisho, halafu ujiulize ni nani aliyebaki.

Miaka miwili kabla yake Waingereza wa India walikuwa wamepitisha Sheria ya Magereza ya 1894. Hii ndiyo ninayoipenda, kama mtu anaweza kupenda kitu cha namna hiyo, kwa sababu inamchambua mfanyakazi wa jela kwa undani kuliko inavyomchambua mfungwa. Bwana jela alale gerezani. Asikose hata usiku mmoja bila ruhusa ya maandishi ya mkuu wa gereza. Asifanye biashara yoyote na wafungwa, asiwauzie kitu, asiwakodishie kitu, wala asiwe na hisa katika zabuni ya kulisha gereza. Kuwe na daftari la wafungwa wanaoingia, daftari la tarehe za kutoka, daftari la adhabu, daftari la wageni kuandika waliyoyaona, na kumbukumbu ya fedha na vitu alivyonyang'anywa mtu siku ya kwanza. Mlinzi wa lango anaweza kupekua chochote kinachoingia au kutoka. Daktari awatembelee kila siku waliofungiwa peke yao kupita saa 24. Kazi ya mfungwa isizidi saa 9 kwa siku. Viboko visizidi 30, kwa henzirani nyepesi yenye kipenyo kisichopungua nusu inchi, kwenye makalio, mbele ya mkuu na daktari.

Hiyo nusu inchi hunikamata kila mara. Kuna karani aliyeketi mahali fulani, akachovya kalamu, akaandika unene wa fimbo.

Daftari la tatu ni la Kenya, 1957, na linatisha zaidi kwa sababu linasikika la upole. Wakati wa kuwavunja nguvu watu wa Mau Mau waliowekwa kizuizini kambini, mwanasheria mkuu Eric Griffith-Jones aliandika namna nguvu ingetumika ili ibaki ndani ya sheria. Akatenganisha nguvu ya kumlazimisha mtu atii amri na nguvu ya kumwadhibu. Akataka sehemu nyeti za mwili zisipigwe, hasa bandama, ini na figo. Akataka wanaopiga wawe watulivu, wasiwe na hasira. Askari mzuri, kwa maandishi hayo, ni anayepiga bila kukasirika.

Ukiziweka sambamba, unaona kwamba zote tatu zimeandikwa kumlinda mwenye fimbo. Zinampa idadi, zinampa shahidi, zinampa daktari wa kutia sahihi. Ikifika mahakamani, anaonyesha daftari. Hilo ndilo ninalotaka mwanafunzi alione kwa macho, na hapo ndipo ninapolazimika kuvuka bahari.

Port Blair

Gereza la vyumba vya upweke la Port Blair, visiwa vya Andaman, lilijengwa na wafungwa wenyewe kati ya 1896 na 1906. Mji umepewa jina jipya 2024, Sri Vijaya Puram, lakini wenye tiketi bado wanauita Port Blair. Unafika kwa ndege kutoka Chennai au Kolkata. Kwa shule ya Mombasa au Dar hiyo ni ndoto, najua. Napataja kwa ajili ya mwandishi, mtafiti, au Mswahili ambaye tayari anakwenda Chennai kwa matibabu ya ndugu yake na ana siku tatu za kungoja majibu. Wako wengi.

Kwa nini hapa pashinde? Kwa sababu jengo lenyewe ni kanuni iliyosimamishwa kwa matofali. Mikono 7, kila mmoja ghorofa 3, yote ikitoka kwenye mnara mmoja wa katikati kama njiti za gurudumu. Vyumba karibu 700, kila kimoja cha mtu mmoja. Uso wa mkono mmoja unatazama mgongo wa mwingine, kwa hiyo mfungwa akisimama kwenye nondo zake anaona ukuta, haoni mwenzake. Mlinzi akiwa mnarani anaziona baraza zote. Hapo unaielewa gharama niliyoisema Mombasa: jengo limefanya kazi ya askari wengi ambao serikali haikutaka kuwalipa.

Sogelea mlango mmoja utazame komeo. Fimbo ya chuma inatoka mlangoni na kuingia kwenye kishubaka kilichochimbwa ukutani, mbali na nondo. Mfungwa hata akinyoosha mkono mpaka bega likwame, kufuli halifikii. Mtu aliyebuni komeo lile aliufikiria mkono wa binadamu kwa makini sana.

Na mfumo wa watumishi wake uko wazi kuliko popote. Juu kuna mkuu, chini yake bwana jela. Maarufu kuliko wote ni David Barrie, Mwairishi, ambaye wafungwa wa kisiasa walimkumbuka maisha yao yote. Chini ya Barrie hukuti askari wengi wa Kizungu. Unakuta wafungwa waliopandishwa cheo, wakiwasimamia wafungwa wenzao. Kwa Kiswahili tunaye mtu huyo, tunamwita mnyapara, na neno lilikuwa la misafara ya bara kabla ya kuingia jela. Sheria ile ya 1894 ilimhesabu mfungwa mwenye cheo kuwa mtumishi wa serikali. Hakuwa na mshahara wa kutajwa. Alikuwa na ahueni ya kazi, mkanda, na mamlaka ya kumpiga mwenziwe kofi. Mara nyingi alichaguliwa wa dini au jimbo tofauti na wale anaowasimamia, ili urafiki usiote.

Kazi ilipimwa kwa uzito. Mfungwa aliyefungwa kwenye kinu cha mafuta alitakiwa kukamua pauni 30 za mafuta ya nazi kwa siku, karibu kilo 14, akisukuma mti kwa kuzunguka kama ng'ombe. Mtu wa pwani anajua nazi ngapi zinakwenda hapo na jasho la kiasi gani. Jioni mnyapara anapima. Ikipungua, jina linakwenda kwenye daftari la adhabu: pingu za kusimama, pingu za miguuni, chakula cha adhabu.

Kulikuwa na ngazi pia. Miezi 6 ya kwanza upweke wa chumba. Kisha mwaka mmoja na nusu wa kufanya kazi na wenzako bila kupungua kwa nidhamu. Kisha miaka 3 ya kambi, mchana kazi za nje, usiku kufungiwa. Miaka 5 mingine ya kibarua chenye posho ndogo, na ndipo unaweza kupewa cheo kidogo. Ukimaliza 10, unaruhusiwa kujilimia na hata kuleta familia. V. D. Savarkar, mfungwa wa kisiasa aliyefika 1911 na hukumu ya miaka 50, alivalishwa kibao chenye tarehe ya kutoka: 1960. Watu wa India bado wanabishana vikali kumhusu, kwa siasa zake na barua alizoandika kuomba msamaha, na mgeni asijiingize kwenye ubishi huo mbele ya mlango wa makumbusho.

Mwaka 1933 wafungwa walisusia chakula. Kanuni ya daktari ilikuwa kulinda uhai, kwa hiyo wakalishwa kwa mpira kwa nguvu. Mahavir Singh, Mohan Kishore Namadas na Mohit Moitra walikufa. Ukisimama pale ukikumbuka Griffith-Jones na bandama zake, utaona ni mkono ule ule wa karani.

Leo mikono mitatu na mnara ndiyo iliyobaki. Sehemu ya uwanja imekuwa hospitali. Tangu 1979 ni kumbukumbu ya taifa. Jioni kuna onyesho la taa na sauti ambalo, kwa ladha yangu, lina muziki mwingi kuliko lazima. Asubuhi na mapema, kabla ya makundi, ndiyo saa yake.

Uamuzi, na Hola isiyokuwa kwenye orodha

Mwenye nusu siku na basi la shule: Ngome ya Mombasa, lakini aingie na kazi ya kufanya, si kutembezwa tu. Mwenye wanafunzi wa kidato cha nne na siku mbili: Kapenguria, bila kusita. Kati ya za hapa kwetu ndiyo inayokuonyesha jela kama jela. Mwenye shauku ya masimulizi, na subira ya kahawa ndefu: Lamu. Mwenye watoto wa chekechea: Changuu. Mwandishi wa riwaya au tamthilia anayehitaji kujua nani anasimama wapi saa ngapi: akusanye nauli ya Port Blair, na kabla ya kwenda aisome ile sheria ya 1894, kurasa si nyingi.

Kuna anayeniuliza mbona sikuiweka Hola, ile kambi ya kizuizini ya Mau Mau. Sikuiweka kwa sababu sidhani pafanywe mahali pa kuchagua kama mtu achaguavyo hoteli. Machi 3, 1959, watu 85 wa kizuizini walitolewa kwenda kuchimba mfereji wa maji kwa mpango uliobuniwa na ofisa wa magereza John Cowan: kundi dogo, askari wengi, anayegoma alazimishwe kushika jembe. Waligoma. Walipigwa mpaka 11 wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ikasema walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Ofisa mmoja aliandika mpango, mwingine akaupitisha, mwingine akaamuru, askari wakapiga, na mwisho lawama ikatwishwa maji. Kama unafundisha majukumu ya watumishi wa jela, hiyo siku moja inatosha muhula mzima. Ukiwa njiani kwenda Garissa kupitia Tana, simama, shuka, usome majina. Nusu saa tu. Usipange chakula cha mchana pale.

Sasa, kwa wale wa Mombasa, nimesema waingie na kazi. Kazi yenyewe ni hii. Nimeijaribu na kidato cha pili. Langoni gawa vyeo. Mmoja ni mlinzi wa lango, anapekua mikoba na kuandika kila kitu. Mmoja ni karani, ana daftari la majina na saa ya kuingia. Watatu ni wanyapara, kila mmoja na kundi lake. Mmoja ni bwana jela, na kanuni yake ni moja: hakuna anayetoka mpaka hesabu ifunge. Waache wazunguke saa moja na nusu. Kisha wachuchumae watano watano uani, juani, wahesabiwe.

Sisi tulipata 41. Daftari lilisema 42. Wanyapara wakahesabu tena: 41. Bwana jela, msichana mpole ambaye darasani huwa hasemi, akaanza kupaza sauti. Wa mstari wa nyuma wakalalamika magoti yanauma, mmoja akataka kusimama, mnyapara wake akamsukuma bega chini bila hata kumtazama. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Dakika kumi na mbili baadaye akatokea wa 42, alikuwa ametoroka kwenda kununua mabuyu, mdomo mwekundu, na mlinzi wa lango akalia, kwa sababu kwenye daftari lake huyo mtu hakuwa ametoka kabisa.